Uteuzi wa Hifadhi ya Data za Usemi: Mfano wa Wachimbaji wa Geita na Shinyanga

Mwanaisimu aliyezoea matini andishi huelekea kulidharau suala la hifadhi. Kongoo la Kiswahili la Helsinki, toleo la 2016, lina maneno yapatayo milioni 25. Yakiwa maandishi matupu, kwa kadirio la baiti 7 kwa neno, ni megabaiti 175 tu. Saa moja ya usemi, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 na mkondo mmoja, huchukua takribani megabaiti 318. Saa 1,000 za mazungumzo ya wachimbaji wadogo, wanaochanganya Kisukuma na Kiswahili maduarani, zitahitaji siku sita hivi kuhamishwa kwa megabiti 5 kwa sekunde. Tena, majukwaa mengi ya wingu hutoza data zinapotolewa, si zinapoingizwa.

Kwa hiyo bei ya kuhifadhi si kigezo kikuu; yafaa programu ya uchanganuzi izifuate sauti zilipo. (Wakazi wa Kahama, walioushuhudia mzozo wa makinikia wa 2017, wanaijua vyema tofauti ya kusafirisha mchanga na kuuchenjua nchini.)

Aidha, sauti humtambulisha msemaji, naye huenda ni mchimbaji asiye na leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imewekea masharti upelekaji wa taarifa za namna hiyo nje ya nchi. Rekodi asilia zihifadhiwe Tanzania. Kinachoweza kupelekwa kwenye wingu la mbali ni unukuzi ulioondolewa majina ya watu na ya maduara.