Watoto wanamcheka nani?

*Mama Mshauri, naandika kutoka Mangobo, Kisangani. Nina watoto watatu: kijana wa miaka 14, binti wa 11 na mdogo wa 6. Kurani, yaani umeme, ikirudi jioni, papa yao huchomeka fulashi na sote tunatazama Ma famille, ile seri ya Abidjan. Watoto wa parseli nao huja kukaa mlangoni. Tunacheka sana. Lakini juzi Bohiri, yule mume wa kwenye seri, alikuwa akimdanganya mkewe, na mume wangu akacheka, akasema: "Huyo ndiye mwanaume." Kijana wetu akacheka pamoja naye, kisha akanitazama usoni. Kesho yake binti akanifuata jikoni: "Mama, papa naye ana biro ya pili?" Yaani hawara. Nilikosa la kusema. Mchungaji wetu anasema seri hizo ni mlango wa shetani, tuzime kabisa. Mume wangu anasema ni mchezo tu. Je, seri hii inafaa kwa familia?*

Mama, umeuliza swali la ndiyo au hapana, basi nikujibu kwanza, halafu tuzungumze. Kwa kijana wako na binti yako, ndiyo, mradi mmoja wenu wazazi akae nao tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mdogo wa miaka 6, hapana. Wale wanaokaa mlangoni wana mama zao, waulizwe wao.

Sasa tuiangalie seri yenyewe, maana mchungaji anaihukumu na mumeo anaitetea, lakini katika barua yako sioni aliyeeleza ndani yake kuna nini. Ma famille ilianza mwaka 2002 kwenye televisheni ya taifa ya Côte d'Ivoire. Aliyeitunga ni mwanamke, Akissi Delta, ambaye hakubahatika kusoma shule na ambaye ujanani alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Huyo mtunzi ndiye anayecheza mke anayedanganywa. Michel Bohiri anacheza mume mtanashati, mpenda wanawake wa nje, mwenye uongo tayari mdomoni. Hadithi zake hazitoki mbali na nyumba: ndoa, ndugu wa mume, pesa, wivu, marafiki wenye ushauri mbaya. Ndiyo maana ilipendwa hadi huku kwetu, ambako hakuna mtu anayehitaji kuelezwa mambo hayo.

Ni mchezo wa watu wazima, hilo halina ubishi. Ila katika nchi hii mchezo wa watu wazima haujawahi kumaanisha mchezo unaotazamwa na watu wazima peke yao. Muulize yeyote aliyekulia mbele ya televisheni ya taifa akusimulie michezo ya Groupe Salongo, kundi la maigizo la Kinshasa. Babu, mama na mjukuu walikaa chumba kimoja wakatazama ugomvi wa ndoa na hila za mtaani, na hakuna aliyetolewa nje. Mtoto wa Mangobo anasikia habari za biro ya pili kisimani, sokoni na nyuma ya baiskeli ya toleka. Kuizima seri hakutamfanya asizijue. Kutamfanya azijue bila wewe.

Kwa hiyo mimi siulizi kama seri ina uzinzi ndani yake. Nauliza: uongo ukisemwa, kicheko kinampata nani? Katika Ma famille, mara nyingi kinampata Bohiri mwenyewe. Anabuni uongo wa pili ili aufiche wa kwanza, anahangaika, na sisi tunaotazama tunajua kwamba mkewe si mjinga. Delta aliitunga ili tumcheke mwanaume huyo. Mumeo anacheka pamoja naye, upande mmoja naye, na hicho ni kicheko kingine kabisa. Kijana wa miaka 14 bado hajajua cha kwake ni kipi, ndiyo maana alikutazama usoni. Mama, hapo ndipo penye shida yako. Haimo ndani ya fulashi.

Ziko seri ambazo ningekwambia uzizime bila kusita. Ile ya Marekani inayojulikana kwa Kifaransa kama *Mon oncle Charlie*, iliyorushwa kati ya 2003 na 2015, ina mtoto ndani yake tangu siku ya kwanza, na mtu anaweza kuidhania ya familia kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto anaishi na baba yake aliyeachwa na mkewe, ndani ya nyumba ya baba yake mkubwa, mlevi anayebadilisha wanawake kila mara. Mchezo unampenda mlevi huyo: ana pesa, ana nyumba ufukweni, na mara nyingi maneno ya kuchekesha amepewa yeye. Wanawake nao hugeuzwa kichekesho. Angus T. Jones, aliyecheza mtoto huyo, aliingia humo akiwa na miaka 9. Novemba 2012, akiwa na miaka 19 na bado analipwa na seri hiyo hiyo, alionekana kwenye video ya kidini akiwasihi watu waache kuitazama, akisema ni uchafu. Baadaye aliwaomba radhi wenzake aliofanya nao kazi, kwa kuwa maneno yake yalionekana kuwadharau. Sisahau kwamba huyo alikulia ndani ya kicheko hicho, na alipopata akili ya utu uzima hakutaka wengine wakiingie.

Wako wanaojaribu kutupimia vitu hivi. Kwenye chaneli za Ufaransa zinazoingia kwa dekoda, ukiona pembeni mwa kioo duara lenye 10, 12, 16 au 18, hiyo ni alama ya umri; Wafaransa walianza na alama za rangi mwaka 1996, na namba zikafuata mwaka 2002. Kenya imeweka kanuni kwamba mambo ya watu wazima yasirushwe kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Sisi Kongo tuna CSAC, baraza linalosimamia redio na televisheni, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kituo cha televisheni kikivuka mpaka unaweza kukilalamikia huko. Lakini fulashi iliyojazwa sokoni haina duara. Na kwa delestaji ya Kisangani, umeme ukikatwa kwa zamu, kanuni ya saa inamsaidia nani? Watu wanatazama pale kurani inaporudi. Tena alama za umri zinahesabu zaidi damu na miili ya uchi. Mume anayemdharau mkewe kwa utani hana namba ya kumwonya mtoto.

Kuhusu mchungaji, nazungumza kwa heshima, kwa sababu anawapenda watoto wako kama mimi ninavyowajali. Ana haki ya kusema kwamba kinachoingia machoni mwa mtoto kina nguvu. Ila ningemwomba atazame pia teatre zinazomalizika kwa maombi, zile ambamo shangazi au bibi au mtoto yatima anafichuliwa kuwa ndoki, yaani mchawi, kisha mchungaji anaingia na kushinda. Hakuna anayeziita chafu. Mtoto wa miaka 6 akizitazama usiku, asubuhi anamwogopa bibi yake. Na nchini kwetu woga huo umewatoa watoto nyumbani na kuwalaza barabarani, hadi sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 160, ikaweka adhabu kwa mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Kama mngenilazimisha kuchagua kati ya Bohiri na teatre hizo kwa mdogo wenu, ningemchukua Bohiri. Lakini hakuna anayewalazimisha. Mdogo na alale.

Naye asilale kwa kufukuzwa. Mwogeshe mapema, mlaze, kisha fulashi ichomekwe. Kifaransa cha Abidjan hakielewi chote, lakini nyuso anazielewa: kofi, machozi, mlango unaobamizwa. Yale asiyoyaelewa atatafsiriwa na kaka yake kwa Kiswahili au Lingala, na tafsiri ya kijana wa miaka 14 huwa na chumvi kuliko mchezo wenyewe.

Fulashi ina faida moja ambayo televisheni haina: inasimama ukitaka. Tazama wewe kwanza kipindi kimoja au viwili mchana kurani ikiwepo, watoto wakiwa shuleni. Vile visivyofaa, viruke. Na siku mnapotazama wote, simamisha mara moja tu, pale uongo unapoanza, uulize: "Huyu mama akigundua, atajisikiaje?" Usihubiri. Waache wajibu wao kwa wao, halafu endeleeni kucheka. Mara moja inatosha. Ukisimamisha kila dakika watakimbilia kwa jirani, na kwa jirani hakuna atakayewauliza chochote.

Mume wako ndiye mzigo mkubwa. Usimseme mbele ya watoto, wala usimseme usiku ule ule akiwa bado anacheka. Subiri mkiwa wawili, umwambie ulichokiona: kwamba kijana alicheka kwa kumfuata yeye, na kwamba binti aliuliza swali. Mwambie swali lenyewe, neno kwa neno, bila kuongeza lako. Papa wengi husema "huyo ndiye mwanaume" kwa mazoea ya maongezi ya wanaume, hawajui neno hilo linaanguka wapi. Akisikia limeangukia kwa binti yake wa miaka 11, nadhani atanyamaza kidogo. Mwombe kitu kimoja kidogo: Bohiri atakapodanganya tena, aseme yeye mwenyewe, mbele ya kijana, kwamba huyu anamkosea mkewe. Sentensi hiyo ikitoka kwa papa itafanya kazi ambayo mimi, wewe na mchungaji hatuwezi kuifanya. Kama atakasirika na kukataa kulizungumza, niandikie tena, kwa kuwa hapo tutakuwa tumeingia katika jambo jingine, na seri tutaiacha pembeni.

Binti bado anangoja jibu, usimwache angoje hadi mmalizane ninyi wawili. Mwite leo mnapochambua sombe. Kama unajua kwamba hapana, mwambie hapana, kwa sauti ya kawaida. Kama hujui, usimdanganye ili umtulize, na usimpe wasiwasi wako aubebe. Mwambie: "Hayo ni yangu na papa yako, sisi tutayazungumza. Wewe jua hivi: mume anayemdanganya mkewe anafanya vibaya, hata kama kwenye televisheni tunacheka." Kisha muulize ni nini hasa kilimfanya aulize, na umsikilize hadi amalize.