Usalama wa Wafanyao Kazi na Mbwa Wakali

Katika vilima vya Kisii na Nyamira nyumba zimekaribiana, mashamba ni madogo, na boma nyingi zina mbwa wa kulinda mifugo na mali wakati wa usiku. Mbwa huyo, ambaye Wagusii humwita esese, hasifiwi kwa upole wake, bali kwa kubweka na kumzuia mgeni. Walakini wako watu ambao kazi yao huwapeleka karibu na meno yake kila mara. Hao ni mabwana mifugo na wasaidizi wao wanaochanja mbwa, walinzi wa usiku wanaotembea na mbwa, na watumishi wanaolisha mbwa wa watu wengine. Yafaa watu hao wajue namna ya kujilinda, na wenye mbwa wajue namna ya kuwasaidia.

HATARI ILIYO KUBWA

Jeraha la meno ya mbwa ni baya lenyewe, lakini hatari iliyo kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu si mgeni nchini Kenya. Mwaka 1912 ulithibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi, na mwaka 1928 kwa mwanadamu, katika pande za Ziwa Victoria. Hukadiriwa kwamba duniani kote huua watu 59,000 hivi kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Virusi vyake hukaa katika mate, huingia penye jeraha, kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kufika ubongoni. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi miwili au mitatu, na pengine siku chache tu. Dalili zikiisha kumtokea mtu, kupona ni jambo lisilotarajiwa.

DALILI ZA MBWA ATAKAYE KUUMA

Mara nyingi mbwa huonya kabla ya kuuma. Mwili wake hukakamaa, manyoya ya mgongoni husimama, macho hukaza, na midomo huinuka hata meno kuonekana. Kutikisa mkia si alama ya urafiki sikuzote. Mkia ulioinuliwa juu na kutikiswa kwa ukakamavu ni onyo. Mbwa aliyefungwa mnyororo, mbwa anayekula, na mbwa jike mwenye watoto ni wa kuogopwa zaidi.

Mfanyakazi afikapo bomani na apige hodi langoni, angoje mwenyeji aje. Asimkodolee mbwa macho, asimwinamie, wala asimbane pembeni hata akose njia ya kutokea. Mbwa akimjia kwa kasi, asikimbie. Na asimame kimya, mikono ikiwa karibu na mwili, au aweke mfuko wake au koti kati yake na mbwa. Akiangushwa chini, ajikunje na kufunika shingo na masikio kwa mikono.

NAMNA YA KUMSHIKA

Kuchanja mbwa mkali si kazi ya mtu mmoja. Mwenye mbwa, ambaye mbwa anamzoea, ndiye amshike kichwani. Mchanjaji akae upande wa nyuma. Siku ya chanjo mara nyingi watoto ndio huleta mbwa kwa kamba. Mtoto asiachiwe kumshika mbwa mkali. Na aitwe mtu mzima. Mdomo wa mbwa huweza kufungwa kwa kitambaa kirefu: huzungushwa mdomoni, hupigwa fundo chini ya kidevu, kisha hufungwa nyuma ya masikio. Kisikae muda mrefu, kwa sababu mbwa hujipoza kwa kuhema. Mbwa asiyeshikika avutwe kwa fimbo yenye kitanzi, au aachwe mpaka siku nyingine. Haraka haraka haina baraka.

MBWA MPOLE ALIYE MGONJWA

Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia huku na huku akiuma. Wengine hunyamaza, taya hulegea, mate humwagika, na kumeza huwashinda. Mwenyewe hudhani mfupa umemkwama kooni, akamwita bwana mifugo au mlinzi atie mkono mdomoni autoe. Mkono huo usitiwe kamwe. Tena mate ya mbwa huweza kuwa na virusi siku chache kabla dalili hazijaonekana. Kwa hiyo hata jeraha dogo la mbwa anayeonekana mzima halipasi kudharauliwa.

MTU AKIISHA KUUMWA

Papo hapo jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe majani, majivu wala mafuta. Kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo, na jeraha likiwa zito, pia dawa ya kinga inayodungwa penye jeraha. Sindano zote zimalizwe kama alivyoagizwa. Mbwa aliyeuma, ikiwa ajulikana na aweza kufungwa pasipo hatari, na achunguzwe siku 10. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo ndipo atafute matibabu.

Wafanyao kazi hii kila siku wanapaswa kuchanjwa kabla ya kuumwa. Hata hivyo, wakiumwa bado huhitaji kuosha jeraha na kupata sindano za nyongeza.

WAJIBU WA WENGINE

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aifanye kazi iwe salama na kutoa vifaa vya kujikinga. Nayo yamtaka mfanyakazi avitumie. Basi haifai mlinzi kukabidhiwa mbwa asiyechanjwa, wala mchanjaji kutumwa vijijini pasipo glavu na kamba madhubuti.

Mwenye mbwa naye ana sehemu yake. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, na chanjo ikirudiwa kwa wakati wake, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hutimizwa langoni pa kila boma, mwenyeji anapomshika mbwa wake imara ili mchanjaji afanye kazi yake na kurudi nyumbani salama. Watu husema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa ugonjwa huu, ambao dalili zake zikiisha kutokea hauna tiba, kinga ndiyo tegemeo pekee.