Somo la Ufundi: Diski ya Breki Iliyoshikwa na Kutu

Somo la leo ni la wenye magari, madereva, na pia sisi tunaopanda tu. Katika vijiji vingi siku hizi tunasafiri kwa Probox au Noah. Magari hayo humpeleka mama mjamzito hospitali usiku, na asubuhi hubeba nyanya za mnadani. Breki zikiwa mbovu, hasara ni yetu sote.

Magurudumu ya mbele ya magari hayo yana diski. Diski ni sahani nene ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga breki, pedi mbili huibana diski huku na huku kama koleo, na gari husimama. Chombo kinachoshika pedi huitwa kalipa. Kile chuma cha katikati ambacho diski na gurudumu hufungwa juu yake huitwa habu.

Pedi huisha. Diski nayo hulika polepole, na hapo ndipo ubishi huanza. Fundi anataka kuitoa, haitoki. Anaipiga nyundo, anachoka, kisha anasema, "Diski bado nzima hii, tutie pedi mpya tu." Je, ni kweli? Hebu tusikubali haraka. Wewe unajua kusoma. Chukua tochi uitazame. Diski nyingi zimeandikwa MIN TH, halafu namba. Hiyo namba ni unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, kwa milimita. Kama imeandikwa 16 na diski imebaki 15, basi hiyo ni ya kutupa. Mwambie fundi apime kwa vernia mbele yako, tena apime pale pedi zinaposugua. Ukingoni hubaki kigongo kisicholika, na ukipima hapo utadanganyika. Diski nyembamba hupata moto upesi, na inaweza kupasuka.

Sasa kwa nini haitoki? Diski hizi hazikuchomelewa. Zimevikwa tu juu ya habu, na nati za gurudumu ndizo zinazozibana. Adui ni kutu. Maji na hewa hula chuma, na kutu inayotokea huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Umeshaona nati ya baiskeli iliyokaa nje masika nzima? Ndivyo tundu la katikati ya diski linavyoikaba shingo ya habu. Pwani, kwenye hewa ya chumvi, ni taabu zaidi.

Weka gari mahali tambarare na pagumu. Zuia magurudumu mengine kwa mawe makubwa. Legeza nati za gurudumu kidogo kabla ya kupiga jeki. Ukishapandisha gari, weka stendi imara chini ya chasi, maana jeki peke yake huteleza, na tofali hupasuka. Toa gurudumu. Fungua kalipa pamoja na kishikio chake, uifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira wa mafuta ya breki. Na mtu yeyote asikanyage breki wakati huo, hata mtoto anayechezea usukani. Vumbi la breki usilipulize, lipanguse kwa kitambaa chenye maji. Pedi nyingi za zamani zilitiwa asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

Kama kuna skrubu ndogo inayoshika diski, itoe kwanza. Tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye shingo ya habu na kuzunguka zile bolti za gurudumu. Halafu acha. Ikiwezekana acha mpaka kesho. Wenye haraka hawapendi kusikia hivyo, lakini mafuta yakipewa muda hufanya kazi ambayo nyundo haiwezi.

Kesho yake tafuta matundu mawili madogo usoni mwa diski, yenye meno ndani kama nati. Kwenye Toyota nyingi huingia bolti za milimita 8. Ingiza bolti mbili. Zungusha hii nusu mzunguko, kisha ile nusu mzunguko, kwa zamu. Bolti zinasukuma habu, na diski inajivua yenyewe. Ukikaza upande mmoja tu, diski itakaa upande na bolti itakatika. Ikiwa nzito mno, simama, ongeza mafuta, gongagonga kidogo, kisha endelea.

Kugonga nako kuna adabu yake. Vaa miwani. Rudisha nati moja mizunguko michache tu, ili diski isikuangukie mguuni. Gonga sehemu ya katikati, kati ya bolti za gurudumu, huku ukiizungusha diski. Usipige bolti zenyewe. Mapigo makubwa huharibu beringi. Wengine huwasha moto wa gesi. Sisi hatushauri, maana grisi na mipira iko karibu.

Ikitoka, sugua habu kwa brashi ya waya mpaka iwe safi. Wengi huiruka kazi hii. Kutu kidogo ikibaki, diski mpya itakaa upande na usukani utatetemeka. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, kwa hiyo ioshe kwa sabuni na uikaushe. Badilisha kulia na kushoto pamoja.

Kabla gari halijaondoka, kanyaga breki mara nyingi mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza pedali inaweza kuzama hadi chini. Ijaribu polepole mahali tambarare, bila abiria.

Angalizo: kwenye Land Rover Defender za zamani diski imefungwa kwa bolti nyuma ya habu. Lazima habu yenyewe itoke, na hilo ni somo jingine.

Maswali
1. Diski imeandikwa MIN TH 20. Vernia inaonyesha 19. Utamjibu nini fundi anayesema bado nzima?
2. Kwa nini bolti mbili huzungushwa kwa zamu?
3. Kwa nini kalipa hufungwa kwa waya?