Udongo Uliokunywa Oili: Je, Moto na Jua Vyatosha?

Nilipoombwa makala ya mwaka huu, wengi walitarajia nitaleta ngeli au methali kama ilivyo kawaida yangu. La hasha! Nimeleta somo la udongo. Msinicheke; someni kwanza.

Nyumbani kwetu Makindu, kando ya barabara ya Mombasa, kuna kona ya shamba ambayo marehemu babu alimkodisha fundi mmoja wa malori. Fundi huyo alikaa hapo miaka mingi. Kila lori lilipobadilishwa oili, ile chafu ilimwagwa papo hapo chini. Alipohama alituachia udongo mweusi unaonata viatuni, na mvua ikinyesha maji yalisimama juu yake kama yaliyo kwenye sahani. Mama alipanda sukuma wiki hapo. Wiki ya pili miche yote ilikuwa imekauka.

"Hapa pamekufa," baba akasema. "Tuuchote huu udongo tukautupe mtoni, yaishe."

Nyanya alikataa katakata. Ng'ombe wake hunywa mto huo huo. Tena habari za Thange hazijamtoka kichwani, maana si mbali na kwetu. Mwezi wa Mei 2015 iligunduliwa kule kwamba petroli ilikuwa imevuja kutoka katika bomba la Mombasa hadi Nairobi, ikaingia udongoni na mtoni, na wakulima wakaachwa na maji yanayonuka. "Mafuta ukiyapeleka mtoni," nyanya alimwambia baba, "umewapelekea watu wengine."

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuja na dawa yake. Alimwaga mafuta ya taa juu ya ile kona akawasha kiberiti. Jamani! Moshi ulipanda mweusi tititi, nguo za jirani zilizokuwa kambani zikawa kama za muuza makaa, na mtoto wao mdogo akakohoa usiku kucha. Asubuhi mama alikwenda kuomba radhi. Nami nilichukua jembe nikachimba. Juu palikuwa na ganda gumu jeusi. Chini ya ganda, kiasi cha upana wa vidole vitatu tu, oili ilikuwa pale pale, mbichi kama jana.

Hapo ndipo swali langu lilipoanzia. Nilikuwa nimesoma kwamba ziko nchi zinazosafisha udongo wenye mafuta kwa kutumia joto. Mbona joto la kaka halikufaa?

Nilimwendea mwalimu wetu wa Kemia. Aliniuliza, "Githeri huungua lini?" Nikamjibu, maji yakikauka. "Basi," akasema, "udongo nao una maji." Maadamu maji yangalimo, joto la udongo halipandi sana kupita nyuzi 100, kwa sababu nguvu zote za moto zinatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Na oili ya injini haitoki kwa nyuzi 100. Petroli ni nyepesi, huanza kuruka hata ukiacha mfuniko wazi. Dizeli huhitaji joto la nyuzi 180 hadi 360 hivi. Oili ya injini ni nzito zaidi, nyingi yake haigeuki mvuke mpaka joto lipite 300. Moto wa kaka ulielekea juu angani, nao udongo wa chini ulibaki vuguvugu tu.

Wanaofanya kazi hii kwa ujuzi hawauwashi udongo moto. Huuchimba na kuutia katika pipa kubwa la chuma lililolala ubavu, linalozunguka kama lile la kuchanganyia saruji, nalo hupashwa joto. Mafuta hugeuka mvuke, na mvuke huo hauachwi uende zake. Hufyonzwa, kisha ama hupozwa ukawa mafuta tena, ama huteketezwa katika chumba cha pili chenye moto mkali zaidi. Kazi ngumu ni kuukamata huo mvuke. Kaka aliusahau, na kifua cha mtoto wa jirani kikaukamata kwa niaba yetu.

Hapa niruhusuni nichokoze lugha kidogo. Sisi Wakenya tumezoea kuita udongo wowote "mchanga". Eti "mchanga wa shamba". Katika somo hili kosa hilo lina gharama. Mchanga halisi, ule wa mtoni, una chembe kubwa na huachilia mafuta upesi. Mfinyanzi una chembe ndogo mno zinazong'ang'ania mafuta na maji, kwa hiyo hudai kuni nyingi zaidi. Fundi wa pipa ukimwambia "mchanga" ilhali umemletea mfinyanzi, hesabu yake yote imeharibika.

Haya, tuseme pipa tunalo. Je, udongo ukitoka humo utaotesha kitu? Mwalimu alitukataza kabisa kupasha joto udongo wenye oili, shuleni au nyumbani, maana moshi wake una sumu. Alituruhusu kupasha udongo safi, tuone joto peke yake linafanya nini. Tuliuweka kwenye karai juu ya jiko la makaa, tukaukoroga saa nzima. Ulitoka mwepesi, umegeuka rangi ukaelekea kuwa kama tofali. Tulipanda maharagwe. Yaliota vizuri, nikashangilia, lakini mwalimu akaniambia nisubiri kwanza, kwa sababu haragwe huota kwa chakula kilicho ndani yake lenyewe. Kweli, baada ya majani ya kwanza miche ilisimama, ikawa ya manjano. Joto lilikuwa limeua vijidudu vinavyolisha mimea na kuunguza mboji.

Si ati kila joto huua vivyo hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, kule Houston, Marekani, walieleza walivyopasha udongo wenye mafuta mazito kwa nyuzi 420 kwa saa tatu bila hewa ya oksijeni. Pasipo oksijeni mafuta hayaungui. Sehemu yake hutoka kama mvuke, na iliyobaki hugeuka kuwa kitu kama makaa ndani ya udongo. Walipanda letusi ikakua. Nilipenda wazo la kutumia letusi kama shahidi. Mitambo inaweza kukwambia mafuta yamepungua, lakini mmea ndio unaojua kama pako sawa.

Na jua je? Jua tunalo bure, hasa sisi wa Makindu. Miale yake ile tusiyoiona kwa macho, inayopausha nguo kambani, huweza kuvunja baadhi ya kemikali za mafuta, hata zile ngumu zilizoungana kama pete. Wanasayansi huiongezea nguvu kwa unga mweupe uitwao titani dioksidi, ule ule utiwao katika rangi za nyumba. Lakini mwanga hauingii udongoni. Hata milimita moja ni safari ndefu kwake.

Ukitaka ushahidi, nenda Kuwait. Mwaka 1991 majeshi ya Iraki yalipokuwa yakiondoka huko yaliwasha moto visima vya mafuta zaidi ya 600. Mafuta mengine hayakuungua, yakamwagika jangwani yakawa maziwa. Jua la Kuwait si la kuchezewa. Hata hivyo miaka mingi baadaye palikuwa na ganda gumu kama lami juu, na chini yake mchanga uliolowa mafuta. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka ganda la kaka nikacheka peke yangu.

Basi tulijaribu kuusaidia mwanga. Tulitandaza udongo wetu wenye oili juu ya kipande cha bati, mwembamba kama uji uliomwagika, tukaupindua kila siku kwa wiki kumi. Fungu la pili tulilichanganya na samadi ya ng'ombe wa nyanya, tukaliweka kivulini, tukalinyunyizia maji na kulipindua vile vile. Kisha maharagwe kumi kila mkebe. Wa jua uliotesha matatu. Wa samadi uliotesha saba, na miche yake ilikuwa na nguvu kuliko ile ya karai. Mimi niliyetaka kuandika sifa za jua nilibaki nimeduwaa.

Mwalimu wa Biolojia hakuniachia nijigambe hata kidogo. Je, vijidudu vya samadi vilikula oili, au samadi iliilisha tu miche? Na lile fungu la juani, je, jua halikukausha na kuua vijidudu ambavyo vingetusaidia? Sikuwa na jibu. Mwaka ujao tutaweka mkebe wa samadi na udongo safi ili tulinganishe.

Kuna jambo jingine lililomkasirisha mama. Oili iliyotumika hubeba chembe za madini, kama zinki na risasi. Moto wa pipa unaoondoa oili hauziondoi zinki, jua haliziondoi, wala samadi. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hivyo hata ikiota, siwezi kuwapikia?" Nikamwambia hapana, si kabla ya udongo kupimwa katika maabara yenye vyombo vya kazi hiyo.

Sukuma wiki ameihamishia upande wa pili wa nyumba, juu zaidi ya ile kona, ili maji ya mvua yasiiteremkie. Kwenye kona tumechimba mfereji kuizunguka, tumemwaga samadi, na nyanya ametoa majani makavu ya kufunika. Kaka ndiye mwenye zamu ya jembe. Kila Jumamosi mama humuuliza kutoka jikoni, "Umepindua?" Naye hujibu kwamba yuko njiani.