Injini ya Boti Ikianza Kumisi: Anza na Mafuta, Usianze na Pampu

Ukisimama gatini Mokowe au Lamu mjini alfajiri, utasikia injini nyingi za ndani ya boti zikiwashwa karibu kwa wakati mmoja. Nahodha mzoefu hana haja ya kutazama. Sikio lake linamwambia kama injini yake ni nzima, kwa kuwa mlio unakwenda sawa, mithili ya mtu anayetwanga bila kupumzika. Injini iliyoanza kile ambacho mafundi wetu hukiita kumisi hupoteza pigo moja kila baada ya mapigo kadhaa. Boti hutikisika, moshi hubadilika rangi, na nguvu hupungua hata ukiongeza moto.

Wengine huondoka hivyo hivyo wakitumaini kwamba itatengenea njiani. Katika kaunti ya visiwa kama yetu, hiyo ni bahati nasibu mbaya. Chombo kinachobeba samaki asubuhi ndicho hicho jioni kinachompeleka mgonjwa hospitali.

Msimu mmoja wa kusi, mwandishi wa makala haya alikuwa abiria kwenye boti iliyokuwa ikitoka Faza kuja Lamu. Miongoni mwetu alikuwemo mama mjamzito mwenye barua ya rufaa. Tulipokaribia Mkanda injini ilianza kumisi, na maji yalikuwa yameshaanza kupwa. Nahodha hakuongeza moto. Alipunguza, akatia nanga, akazima injini, kisha akafungua kizibo kilicho chini ya chujio na kukinga mafuta kwa chupa tupu ya maji ya kunywa. Chini ya ile chupa kulikuwa na maji, kiasi cha vidole viwili. Haikupita nusu saa tukawa tunakwenda tena, na Mkanda tukauwahi. Hakutumia kifaa chochote cha bei. Alichokuwa nacho ni utaratibu, na utaratibu huo ndio somo la leo.

Injini inahitaji nini

Somo hili linahusu injini za dizeli, ambazo ndizo nyingi kwenye boti na mashua zenye injini ya ndani hapa kwetu. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Huvuta hewa, huibana ndani ya silinda mpaka iwe moto sana, kisha nozeli hupuliza mafuta kama ukungu na mafuta hayo huwaka yenyewe. Basi silinda inahitaji vitu vitatu: hewa ya kutosha, mgandamizo, na mafuta safi yanayofika kwa wakati wake. Injini ikimisi, kimojawapo kimekosekana katika silinda moja au zaidi.

Mara nyingi kinachokosekana ni mafuta safi. Hata hivyo wenye boti wengi hukimbilia kufungua pampu kubwa ya mafuta, ambayo ni ghali na huhitaji karakana yenye mashine ya kuipimia. Kanuni ni rahisi: anza na kisichogharimu kitu, malizia na kilicho ghali, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na injini ikapona, hutajua kilichoiponya.

Soma moshi kwanza

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, au injini imeelemewa. Angalia chujio la hewa. Angalia pia propela, kwani kipande cha wavu au kamba iliyojisokota huko chini huifanya injini nzima ionekane mbovu. Mzigo kupita kiasi nao huleta moshi huo huo.

Moshi mweupe unaochoma macho ni mafuta ambayo hayakuungua. Injini ikiwa baridi, moshi huo unaweza kuonekana kwa dakika chache kisha ukaisha. Usipoisha injini ikishapata joto, kuna silinda isiyochoma. Usiuchanganye na mvuke wa maji, kwa maana boti ambazo maji ya bahari hutoka pamoja na moshi huwa na mvuke kidogo kila siku.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Huo ni uchakavu wa ndani, kazi ya fundi.

Hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza: tangi. Hakikisha mafuta yapo na bomba la kutoka kwenye tangi limefunguliwa lote. Kisha legeza kifuniko cha tangi injini ikiwa inanguruma. Ikitengenea baada ya muda mfupi, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Mafuta hayawezi kutoka kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake.

Hatua ya pili: maji na uchafu. Zima injini. Fungua kizibo cha chini cha chujio la kwanza na ukinge mafuta kwa chupa inayoonyesha ndani. Iache itulie dakika kumi. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yatakaa chini na mpaka kati yake utauona wazi. Endelea kumwaga mpaka yatoke mafuta matupu. Hapa ndipo penye siri ya ile injini inayokwenda vizuri bandarini na kumisi mlangoni. Boti ikiwa imetulia, maji na matope hulala chini ya tangi. Mawimbi yakianza kuitikisa, uchafu wote huamka na kuvutwa kwenye bomba.

Hatua ya tatu: chujio. Chujio la mafuta likiwa jeusi au lina utelezi, libadilishe. Kulipuliza kwa mdomo au kuliosha kwa petroli na kulirudisha ni kujidanganya.

Hatua ya nne: hewa kwenye mafuta. Kila ukifungua chujio, hewa huingia. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya chujio, kisha piga ile pampu ndogo ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, halafu ukaze. Fanya hivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu kubwa. Hewa ikirudi tena na tena, kagua mipira, klipu na washa za shaba kuanzia kwenye tangi mpaka pampu ndogo. Sehemu hiyo huvuta, kwa hiyo inaweza kuingiza hewa bila kuvuja hata tone la mafuta nje.

Tahadhari moja hapa. Kama boti yako hutoa maji ya bahari kwenye bomba la moshi, usipige stata kwa muda mrefu injini ikikataa kuwaka. Pampu ya maji huendelea kusukuma, na maji yanaweza kujaa kwenye bomba na kurudi ndani ya silinda. Funga vali ya kuingizia maji ya bahari unapopiga stata mara nyingi, na uifungue mara tu injini inapowaka.

Hatua ya tano: tafuta silinda iliyolala. Kazi hii ifanywe na fundi au mtu aliyefundishwa. Injini ikinguruma polepole bila gia, fundi hufunika nati ya bomba la nozeli ya kwanza kwa kitambaa kinene, huilegeza kidogo, husikiliza, kisha huikaza na kwenda kwenye ya pili. Akilegeza nati na mlio ukadhoofika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Akilegeza na mlio usibadilike, hiyo ndiyo iliyolala.

Sasa swali ni moja: je, tatizo ni nozeli au silinda yenyewe? Injini ikiwa imezimwa, fundi huhamisha nozeli hiyo kwenye silinda nzima, akitumia washa mpya. Ugonjwa ukihama na nozeli, peleka nozeli ikapimwe. Ukibaki pale pale, chunguza vali, gasketi na mgandamizo. Ni baada ya haya yote ndipo pampu kubwa iguswe.

Mambo ambayo ni marufuku

Usiweke mkono au uso mbele ya nozeli au bomba lake injini inapozunguka. Mafuta hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Kidonda chake huonekana kidogo kama cha sindano, lakini ndani kinaweza kuharibu mkono mzima. Likitokea hilo nenda hospitali wakati huo huo, hata kama hakuna maumivu, na umwambie daktari kuwa ni dizeli iliyoingia kwa shinikizo.

Usitumie njia ya hatua ya tano kwenye injini za kisasa zinazoendeshwa kwa kompyuta. Shinikizo lake ni kubwa zaidi na zinahitaji fundi mwenye vifaa vyake.

Usiiname juu ya injini ukiwa na kikoi kilicholegea, kanga au mikono mirefu. Mkanda wa injini haubagui nguo. Mafuta unayoyamwaga yakinge kwenye chombo. Usiyaache yaingie kwenye ngama, kwa sababu yatapampiwa baharini pamoja na maji au yatashika moto.

Ikitokea ukiwa baharini

Punguza moto badala ya kuongeza. Abiria wote wavae jaketi za kuokolea maisha kabla hujafungua kifuniko cha injini. Kama kina kinaruhusu, tia nanga mapema ili upepo au mkondo usikusukume kwenye mwamba wakati umeinama na spana mkononi. Mwenye redio ya VHF aite kwenye chaneli 16. Asiye nayo apige simu kwa watu wa pwani aeleze alipo na idadi ya watu, angali ana mtandao na chaji. Usisubiri injini izimike kabisa ndipo uombe msaada.

Kinga nyumbani

Jaza tangi jioni badala ya asubuhi. Tangi lililo nusu hubaki na hewa yenye unyevu, na usiku unyevu huo hugeuka matone yanayotiririka chini. Mafuta ya kwenye jerikeni yaache yatulie kwanza, yachuje kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na usimimine mabaki ya chini. Mwaga maji kwenye chujio kila wiki, na kila mara kabla ya safari ndefu.

Chomboni weka chujio mbili mpya, mpira wa mafuta na klipu zake, washa za shaba, mkanda wa injini, impela ya pampu ya maji, spana zinazoingia na tochi. Weka pia daftari. Andika tarehe na ulichobadilisha. Daftari hilo litamsaidia fundi kuliko maelezo ya kukumbuka kumbuka, na litakusaidia wewe usitozwe mara mbili kwa kazi ile ile.

Mwisho, tunawakumbusha wamiliki na manahodha kwamba ukaguzi wa vyombo unaofanywa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini (KMA) ni kwa usalama wa wote. Mwenye swali kuhusu chombo cha uvuvi na awaone viongozi wa BMU wa ufuo wake au ofisi ya uvuvi iliyo karibu. Nawe abiria una haki. Ukisikia injini inamisi boti ikiwa bado gatini, muulize nahodha. Nahodha mwema hatakasirika. Atazima injini, atachukua chupa tupu, na atakwenda kutazama chujio.