Mume wangu anasema sindano hizi ni za urembo

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina mtoto mmoja na tunatafuta wa pili. Kipandauso kilinianza nikiwa sekondari, lakini sasa siku za kuumwa zimezidi za uzima. Kikinishika nafunga madirisha, natapika, hata sauti ya mwanangu siivumilii. Nameza vidonge vya maumivu karibu kila siku ili niweze kusimama darasani, na kikizidi napitia zahanati nachomwa sindano. Dawa za kinga ziliposhindwa, daktari bingwa alinianzishia Botox. Nimedungwa mara moja, nafuu ni ndogo. Mume wangu anasema hiyo ni sumu ya kuondolea makunyanzi, tunatupa pesa. Mama mkwe anasema ninachohitaji ni maombi. Niendelee au niache?*
Mwalimu, Temeke

Pole sana, mwanangu. Wewe ni mgonjwa, na huna haja ya kumthibitishia mtu. Anayeumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo zikiwa za kipandauso chenyewe, ugonjwa wake huitwa sugu. Ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Wanaokuona umejifungia gizani wakadhani ni uvivu au deko wanakuonea.

Ushauri wangu ni uendelee, kama daktari wako haoni kizuizi. Sindano hizi hurudiwa kila baada ya wiki 12, na wapo wasioona tofauti yoyote mpaka awamu ya pili au ya tatu. Kuacha sasa ni kukata tamaa mapema.

Mumeo ana ukweli nusu. Ni sumu kweli, hutokana na bakteria, na kwa makunyanzi inatumika. Tena ni watu waliodungwa usoni kwa ajili ya urembo huko Marekani, miaka ya 1990, walioanza kuwaambia madaktari wao kwamba na vichwa vimetulia. Utafiti ukafuata, na mwaka 2010 Marekani ikaiidhinisha kwa kipandauso sugu. Kipimo chake ni kidogo mno, kwa kawaida uniti 155 zinazogawanywa sehemu 31: paji la uso, katikati ya nyusi, panjani, kisogoni, shingoni na mabegani. Huko huzuia ncha za neva zisimwage kemikali zinazopeleka maumivu. Nenda naye kliniki siku ya awamu ya pili. Akiona sindano zinavyofika kisogoni na mabegani, ataelewa kuwa hukwenda kutafuta uso laini.

Lakini usiahidiwe miujiza. Katika majaribio makubwa, karibu nusu ya waliodungwa dawa walipungukiwa siku za kichwa kwa nusu au zaidi baada ya wiki 24. Kwa waliodungwa sindano isiyo na dawa, ilikuwa zaidi kidogo ya theluthi. Kwa hiyo anza daftari leo. Andika kila siku ya kichwa, na kila kidonge. Nafuu ya kutoka siku 20 hadi 13 huwezi kuikumbuka kwa kichwa kinachouma, ila daftari litaionyesha. Shingo kuuma au kope kulegea kwa muda hutokea. Ukishindwa kumeza au kupumua, kimbia hospitali.

Kinachonitia hofu zaidi katika barua yako ni vile vidonge vya kila siku na ile sindano ya zahanati. Hiyo hutuliza maumivu ya siku ile tu, haikingi. Dawa za maumivu zikizoeleka, zenyewe huzaa kichwa kingine. Kwa paracetamol au diclofenac pekee, hatari huanza ukizitumia siku 15 kwa mwezi; kwa tramadol, au vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa, siku 10. Yawezekana kabisa ndiyo maana Botox imeonekana haifanyi kazi. Mweleze daktari kila unachomeza, pamoja na unachonunua duka la dawa bila cheti, akupangie namna ya kupunguza. Usikate ghafla peke yako, hasa kama kuna tramadol.

Maombi ya mama mkwe yapokee kwa shukrani. Hayagombani na kliniki, na ukimwambia hivyo kwa upole huenda akakubali kukaa na mjukuu siku unazokwenda kudungwa.

Jambo la mtoto wa pili lisisubiri. Mwambie daktari kabla ya awamu ijayo kwamba mnatafuta ujauzito, kwa sababu huenda akataka kuahirisha sindano. Muulize pia kuhusu dawa za kinga ulizopewa kabla: kama kati yake kuna topiramate au valproate na bado unazo nyumbani, usizirudie kwa uamuzi wako. Zote mbili zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.