Panga gumu au panga laini? Jua chuma kabla ya kutoa hela

Hapa Holili, mahindi yakishavunwa na kazi ya kukata mabua ya kupeleka kwa ng'ombe huko mlimani ikianza, ubishi wa kijiweni ni ule ule. Mmoja anasema panga zuri ni gumu, halibutuki. Mwenzake anasema gumu linameguka, bora laini linaloshika tupa. Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Leo tuziunganishe.

Ugumu na ustahimilivu ni vitu viwili

Ugumu ni chuma kukataa kukwaruzwa, ndo unaotunza makali. Ustahimilivu ni chuma kukataa kuvunjika. Ukiongeza kimoja, mara nyingi unapunguza kingine. Viwandani ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Kisu cha jikoni huwa karibu 55 hadi 60. Panga hushushwa kwa makusudi, karibu 45 hadi 50, kwa sababu linakutana na jiwe na kisiki.

Chuma kimetoka wapi?

Siri ni kaboni.

- Nondo ya kawaida: kaboni karibu asilimia 0.2. Haikazi hata uichovye mara kumi.
- Springi ya gari: karibu 0.6. Inakaza na inastahimili. Hii ndo ya panga.
- Tupa kuukuu: karibu 1 au zaidi. Nzuri kwa kisu kidogo, kwa panga itameguka.
- Chuma kisichoshika kutu: kinafaa kwa nyama, maziwa na utomvu wa ndizi, lakini aina nyingi zinasumbua kunoa kwa tupa shambani.

Wahunzi wa Mamba, upande wa Marangu, wana sifa ya kazi hii tangu enzi za mikuki. Kwa mhunzi yeyote, uliza kwanza: "Fundi, chuma hiki ni cha nini?"

Moto mara mbili

Moto wa kwanza ni wa kukaza. Springi ipashwe hadi sumaku iache kuishika (karibu nyuzi 770), iongezwe moto kidogo, kisha ichovywe kwenye mafuta. Maji yanapoza ghafla mno na yanaweza kuipasua.

Hapo panga ni gumu, ila linavunjika kama kioo. Lazima lirudishwe kwenye moto mdogo. Ling'arishwe, lipashwe taratibu, uangalie rangi. Manjano ya majani makavu (karibu nyuzi 220) inafaa kisu. Zambarau kuelekea bluu (280 hadi 300) inafaa panga. Fundi akiruka hatua hii, kipande kinaweza kuruka kwenye jicho la kibarua wako. Hasara hiyo hakuna mavuno yanayoilipa.

Jaribu kabla ya kulipa

Nenda sokoni Himo na tupa yako, omba ruhusa, pitisha kwenye makali.

1. Ikiteleza kama kwenye kioo: gumu mno kwa panga.
2. Ikila haraka kama kwenye msumari: laini mno, utanoa kila saa.
3. Ikishika na kula kidogo kidogo: chukua.

Usiliue panga zuri

Ukinoa kwa grenda na makali yakageuka bluu, ule ugumu wa pale umepungua. Noa kwa awamu, chovya kwenye maji kila mara.

Wakulima wa migomba, hapa kuna mtego. Mnyauko bakteria, uliosumbua sana Kagera, husambazwa pia na visu na mapanga, kwa hiyo kusafisha kifaa kabla ya kuhamia mgomba mwingine ni lazima. Ukitumia moto, pasha hadi kisishikike kwa mkono, basi. Hakuna haja ya kusubiri kibadilike rangi, maana hapo unakirudisha kwenye ulaini. Ukitumia jiki, changanya kipimo 1 kwa maji 5. Jioni suuza, kausha, paka mafuta, maana jiki inaleta kutu haraka.

Kwa hiyo ubishi uishe hivi: kisu cha kuchinjia kiwe kigumu, panga la mabua liwe stahimilivu, na vyote vitoke kwenye chuma kinachokaza. Mwenye panga linalomsumbua aje nalo ofisini, tulipitishie tupa pamoja.